Maji Yamepita Wapi? Uchunguzi wa Oili Katika Injini za Boti na Mashine za Dizeli

Mhadhara kwa mafundi, wenye boti na wenye mashine wa Kasulu na Kibondo



Huenda wapo wanaojiuliza kwa nini tukutane huku juu, mahali ambapo ziwa halionekani, tuzungumzie injini ya boti. Jibu lipo sokoni kwetu. Dagaa na migebuka wanaouzwa Kasulu na Kibondo wametoka Ziwa Tanganyika, na wengi wao wamebebwa na chombo chenye injini kabla hawajapakiwa kwenye gari. Mwezi Mei 2015 makumi ya maelfu ya watu waliokimbia Burundi walikusanyika Kagunga, kijiji cha ufukweni kilichobanwa na milima, na njia yao kuu ya kutoka ilikuwa maji. Meli ya MV Liemba na boti ndogo ziliwabeba hadi Kigoma, na kutoka hapo mabasi yakawapandisha hadi kambi ya Nyarugusu, hapa hapa wilayani Kasulu. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Vinavyoendelea kuelea vina watu wanaovitunza kila siku, na wengi wa watu hao ni mafundi waliozaliwa vijijini kwetu.

Sababu ya pili ni kwamba ugonjwa tunaouzungumzia hauishi majini peke yake. Mpaka mwaka 2022, miji ya Kasulu na Kibondo ilipata umeme wake kutoka majenereta ya dizeli ya TANESCO, kabla ya kuunganishwa na Gridi ya Taifa. Zipo bado mashine za kusaga za dizeli, pampu za maji, matrekta na malori. Zote zina pistoni na oili, nyingi zina maji ya kupoza, na ukuta unaotenganisha maji na oili ndani ya injini ya namna hiyo ni mwembamba.

Neno ninalotaka mwondoke nalo ni hili: kuona maji ndani ya oili bado si kutambua ugonjwa. Ugonjwa umetambulika pale fundi anapoweza kusema maji yamepita njia gani, na kuonyesha amejuaje. Fundi anayemwaga oili iliyochafuka na kujaza mpya papo hapo ametupa ushahidi. Anayekimbilia kufungua silinda hedi kabla ya kuuliza amebahatisha kwa fedha za mwenye mali.

Kwa nini maji huua injini

Ndani ya injini inayofanya kazi, krankishafti haigusi beringi zake. Inaelea juu ya utando wa oili wenye unene wa sehemu chache tu za elfu za milimita, na utando huo ndio unaobeba nguvu yote ya mlipuko wa dizeli. Maji hayana uwezo wa kubeba mzigo huo. Yakiingia kwenye utando, mahali penye mgandamizo na joto hugeuka mvuke, utando hukatika, na chuma hukutana na chuma. Papo hapo maji huharibu dawa zilizochanganywa kwenye oili kiwandani, huungana na mabaki ya moshi kutengeneza asidi, na asidi hiyo hula madini laini ya beringi. Baada ya hapo injini inanoki, na gharama yake mnaijua.

Historia ya ziwa letu inatupa mfano wa kufikirisha. Meli tunayoiita Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikavunjwa vipande, ikaletwa kwa meli na treni hadi Kigoma na kuundwa upya. Julai 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma waliizamisha wenyewe ili isitekwe. Kabla ya kuizamisha, mafundi wake waliipaka mitambo grisi nzito. Mwaka 1924 Waingereza waliinua meli hiyo na kukuta mitambo na boila bado vinafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini.

Tuelewe kilichotokea. Mitambo ile ilikaa majini kwa miaka, lakini chuma chake hakikuguswa na maji kwa sababu grisi ilibaki mahali pake, na hakuna kilichokuwa kikizunguka. Injini ya boti iendayo kasi, yenye maji kidogo tu ndani ya oili, yaweza kuharibika katika safari moja, kwa sababu utando unavunjwa mara elfu kwa dakika. Kwa hiyo swali letu daima liwe je, utando wa oili umebaki salama, na kama haukubaki, ni mlango gani ulioyapa maji nafasi.

Kuthibitisha kwamba ni maji

Anza asubuhi, kabla injini haijawashwa. Maji ni mazito kuliko oili, na yakipata usiku mzima wa kutulia hushuka chini ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini. Fundi anayechomoa dipstiki peke yake anaweza kuona oili safi juu ilhali maji yamelala chini. Legeza nati ya kumwagia oili taratibu, kinga chupa nyeupe ya kioo au ya plastiki, na uchukue kile kitakachotoka kwanza. Kikiwa maji matupu, umeshajua mengi.

Halafu tazama dipstiki. Kiasi cha oili kikipanda bila mtu kuongeza, kuna kitu kimeingia. Hapa wengi huharakisha kusema maji. Dizeli nayo huingia kwenye oili, kwa nozeli inayomwaga au pampu ya mafuta inayovuja, na dipstiki hupanda vilevile. Oili yenye dizeli inakuwa nyepesi mno vidoleni na inanuka dizeli, lakini rangi yake hubaki nyeusi. Oili iliyochanganyika na maji na kupigwapigwa na krankishafti hugeuka rangi ya chai ya maziwa.

Rangi hiyo isipoonekana, usiseme injini ni nzima. Maji hukaa ndani ya oili kwa hali tatu: yaliyoyeyuka na yasiyoonekana, yaliyochanganyika na kuipa oili ukungu, na yaliyojitenga chini. Kwa hali ya pili tumia kipimo cha bati la moto. Weka kipande cha bati safi juu ya jiko mpaka tone la maji likidondoshwa lirukeruke papo hapo. Dondosha tone moja la oili mpya kutoka kwenye kopo lililofungwa. Litatulia na kutoa moshi kidogo. Sasa dondosha tone la oili unayoishuku. Likichatika na kutoa mapovu, lina maji. Kipimo hiki hukamata maji yanayokaribia sehemu moja katika elfu, na oili yenye sehemu mbili katika elfu haifai kuachwa kwenye injini. Fanyeni nje, mbali na petroli na dizeli, mkiwa na miwani ya kukinga macho, na msiruke tone la oili mpya: bila la kulinganisha, sauti ya tone la pili haina maana.

Iacheni pia chupa ile ya asubuhi itulie siku nzima, au iwekeni ndani ya maji ya moto ili utengano uwe wa haraka. Oili za kisasa zina dawa inayoshika maji na kuyazuia yasijitenge, kwa hiyo chupa isiyoonyesha mstari wa maji haifuti jibu la bati.

Hesabu ya maji

Tukishajua ni maji, tufanye kazi ya mhasibu. Maji yaliyoongezeka sehemu moja yamepungua sehemu nyingine. Injini nyingi za ndani ya boti zina mizunguko miwili ya maji: maji yaliyofungwa yanayozunguka ndani ya injini, na maji ya ziwani yanayovutwa na pampu, yanapoza yale ya ndani, kisha yanarudi ziwani. Jaza rejeta au tangi la maji ya ndani hadi alama, weka alama kwenye dipstiki, na uandike. Baada ya safari na usiku mmoja, soma tena zote mbili. Maji ya tangi yakipungua na oili ikipanda, maji yametoka mzunguko wa ndani. Tangi likibaki pale pale na oili ikapanda, mshuku maji ya ziwa, ya mvua, au ya mvuke.

Pwani, Dar es Salaam au Unguja, fundi ana msaidizi ambaye sisi hatuna: chumvi. Maji ya bahari yakiingia kwenye oili, maabara huikuta chumvi na swali linaisha. Tanganyika ni ziwa la maji baridi. Maji yake yana madini na uchungu wa magadi, pH yake ni karibu 9, lakini hayaachi alama iliyo wazi namna ile. Ndiyo maana kwetu hesabu ya alama mbili ina thamani kubwa zaidi. Na ndiyo maana nawasihi wenye injini waache kujaza rejeta kwa maji ya kisima matupu. Maji maalumu ya rejeta, yale yenye rangi, huzuia kutu, na siku yakivuja rangi yake inakuambia yametoka wapi.

Andika pia wakati. Injini ikiwa inazunguka, msukumo wa oili ni mkubwa mara kadhaa kuliko wa maji ya kupoza. Ufa ndani ya kipoza oili utapeleka oili kwenye maji wakati wa safari; injini ikizimwa, msukumo wa oili unakufa, na maji yenye moto na mgandamizo yanarudi kwenye oili kupitia ufa ule ule. Kwa hiyo ukiona oili inaelea kwenye rejeta na maji yapo kwenye oili, anza na kipoza oili, si silinda hedi.

Njia za ndani

Gasketi ya silinda hedi inajulikana kuliko zote, na inalaumiwa kuliko zote. Ikiungua au hedi ikipata ufa, kwa kawaida huja na ushahidi mwingine: mapovu yasiyokwisha kwenye rejeta injini ikiwaka, moshi mweupe wa mvuke usiokoma hata injini ikipata moto, joto linalopanda upesi. Ushahidi huo ukikosekana wote, sina sababu ya kuanza na hedi.

Njia nyingine ni mipira ya laina. Katika injini nyingi kubwa za dizeli laina, yaani mrija ambamo pistoni hupanda na kushuka, huzungukwa na maji, na mipira ya chini ndiyo inayozuia maji hayo yasidondoke kwenye sampu. Mpira ukikauka au laina ikiliwa na matobo madogo kutoka upande wa maji, matone huanza. Kipimo chake ni rahisi kwa mwenye subira. Mwaga oili, shusha sampu, funga pampu yenye geji kwenye mdomo wa rejeta, pandisha msukumo hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko chake, kisha lala chini na tochi utazame juu. Tone likishuka kwa nje ya laina, ni mpira. Likishuka kwa ndani, pembeni ya pistoni, ni gasketi, hedi au laina yenyewe. Pasipo na tone lolote huku geji ikishuka, maji yanatokea kwingine, na kipoza oili kinarudi kwenye orodha.

Pampu ya maji ya ziwani, ikiwa imefungwa kwenye nyumba ya gia za injini, ina sili mbili: moja kwa ajili ya maji, nyingine kwa ajili ya oili. Katikati yake mtengenezaji ameacha tundu dogo makusudi, ili sili ya maji ikichoka maji yadondoke nje na watu wayaone. Tundu hilo likianza kudondosha, wapo wanaoliziba kwa gundi na kushangilia kwamba uvujaji umekwisha. Wameyanyima maji mlango wa nje, nayo yakapenya sili ya pili na kuingia kwenye oili. Tundu hilo lisafishwe kwa waya, lisizibwe kamwe, na likidondosha maji sili ibadilishwe.

Boti inayotoa maji ya kupoza kupitia ekzosi ina hatari yake. Injini ikikataa kuwaka na nahodha akaendelea kupiga stata, pampu inaendelea kusukuma maji kwenye ekzosi, lakini hakuna moshi wa kuyatoa. Maji hupanda, hurudi kwa valvu iliyo wazi, huingia silinda. Maji hayabanwi, pistoni ikipanda juu yake, mkono wa pistoni hupinda. Injini iliyogoma ghafla isilazimishwe kwa stata. Toa nozeli, izungushe kwa mkono, uone kinachotoka.

Kwa mashine za kupachika nyuma ya boti, ambazo ndizo nyingi kwenye mialo kama Kibirizi, oili ya kutazama ni ya gia, kule chini karibu na panga. Uzi wa nyavu ukijisokota kwenye shafti hukata sili, na oili ya gia inabadilika rangi. Ondoa panga, tafuta uzi, badili sili, ndipo ujaze oili.

Mvua, baridi na pipa

Sasa tuje kwenye njia ambazo huku juu zinatupata zaidi kuliko zile za ndani. Lita moja ya dizeli ikiungua hutengeneza karibu lita moja ya maji, kwa umbo la mvuke. Mwingi hutoka na moshi. Kiasi hupenya kwenye ringi na kushuka katika sampu. Injini inayobeba mzigo kwa muda mrefu hupata moto wa kutosha kuutoa mvuke huo. Injini inayowashwa dakika chache kisha ikazimwa hubaki nao, na baridi ya usiku ya Kibondo hugeuza mvuke huo matone. Ukikuta ute mweupe chini ya kifuniko cha kujazia oili, na dipstiki safi, na rejeta haijapungua, usifungue chochote. Ipe injini kazi ya kweli hadi ipate moto, badili oili mapema, na upime tena.

Mvua zetu huanza karibu na Oktoba au Novemba na kuendelea mpaka Aprili au Mei. Ekzosi iliyosimama wima bila kofia hupokea mvua hiyo moja kwa moja, na mara nyingi kuna silinda moja ambayo valvu yake imeachwa wazi. Mashine ya kusaga iliyopumzishwa wiki mbili bila kofia yaweza kuwa na maji bila gasketi yoyote kuungua. Kofia ya bati inatosha kuzuia hayo.

Kuna pia pipa. Pipa la oili likisimamishwa nje, maji ya mvua hukaa juu ya kifuniko chake. Mchana oili hupata joto, hupanuka na kusukuma hewa nje. Usiku hupoa, husinyaa, na pipa huvuta ndani kile kilicho juu yake, yaani maji, kupitia uzi wa kizibo kilichoonekana kimefungwa barabara. Injini yaweza kuletwa gereji yenye maji kwenye oili, ikafunguliwa yote na kufungwa, kumbe maji yamo dukani. Kabla ya kulaumu injini, pima kwa bati tone la oili kutoka pipa lile lile. Mapipa yakae chini ya paa. Yakilazimika kukaa nje, yalazwe ubavu, vizibo viwili vikiwa usawa mmoja na vikiwa chini ya kina cha oili.

Baada ya kuipata njia

Ziba njia kwanza. Halafu mwaga oili ikiwa na moto, badili filta, jaza oili ya bei nafuu, washa bila mzigo hadi ipate moto, mwaga tena, na upime. Rudia mpaka bati likae kimya. Injini iliyozama kabisa isiachwe ikauke wazi: kutu huanza pale chuma kilicholowa kinapokutana na hewa. Toa nozeli, zungusha kwa mkono, jaza oili, na kazi ianze siku hiyo hiyo.

Oili iliyomwagwa ikusanywe. Ziwa Tanganyika lina karibu sehemu moja ya sita ya maji baridi yote yasiyoganda yaliyo juu ya ardhi duniani, na Mto Malagarasi unaopita katika mkoa wetu unaishia humo. Hatuna haki ya kuponya injini moja kwa kuchafua maji ya kunywa ya nchi nne.

Nina maombi matatu. Kwa wenye mali: wekeni daftari, na kila wiki mwandike kiasi cha oili, kiasi cha maji, na saa za kazi. Bila maandishi hayo fundi hana pa kuanzia. Kwa walimu wa ufundi: mfundisheni kijana kupima kabla ya kumfundisha kufungua, kwa sababu atafungua injini nyingi zisizohitaji kufunguliwa kama hakujifunza hivyo. Na kwenu mafundi: kabla ya kumwomba mwenye mali fedha ya gasketi, mpeni mistari mitatu. Nimeona nini. Maji yamepita wapi. Nimethibitishaje. Mwenye mashine, mama au baba, ana haki ya kudai mistari hiyo, na fundi anayeiandika ataaminiwa na watu wa mialo na wa milimani. Ninaamini ufundi wetu unaweza kufika hapo, kwa sababu vifaa vinavyohitajika ni chupa, bati, jiko, tochi na kalamu, na vyote tunavyo.